Msaragambo wa Magamba

Gamba la Mzee Sekiete lilirusha tope la kwanza saa mbili na robo asubuhi, likampata mpima ardhi begani. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Kazi ya katibu wa msaragambo ni kuandika kila kinachotokea kwenye ndiva siku ya kazi, hata kikiwa cha aibu.

Wapima walikuwa watatu, wamevaa kofia za bluu za kampuni ya Upepo Mwanana. Walikuja na vigingi vinavyojichimbia vyenyewe kama fuko. Unakitupa tu chini, kinatafuta mahali pake. Kigingi cha kwanza kilipozama kwenye ukingo wa bwawa letu, magamba yote thelathini na nane yaliacha kuzoa matope, yakainua majembe, yakajipanga mstari mmoja kati ya wapima na maji. Mimi nilikuwa wa thelathini na tisa, mwisho kabisa wa mstari, daftari mkono mmoja, jembe mkono wa pili, na magoti yanayolia kama mlango wa ghala.

Ndiva ya Ngarike ni bwawa la udongo na mawe lililoko kwenye bega la mlima. Maji ya chemchemi hulala humo usiku. Asubuhi tunafungua mlango, yanateremka kwenye mashamba ya tangawizi, na yanayobaki yanaendelea kushuka mpaka bondeni, ambako watu wanayakinga kwa madumu. Waliolijenga bwawa hawakuwa na saruji. Walishindilia udongo kwa kuuchezea ngoma siku tisa, na mpiga ngoma mmoja alisahauliwa humo chini. Ukitega sikio wakati wa kiangazi utamsikia, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba kazi imeisha.

Tope linazolewa kila Jumatano, ndio msaragambo wetu, na kila nyumba lazima isimamishe mtu wake. Napuliza pembe, naita majina. Aliyefika anaandikwa. Asiyefika anatozwa faini, na ukurasa wa kwanza wa daftari unasema, kwa mwandiko wa babu yake Sekiete, kwamba asiyefika msaragambo hana neno kwenye maji.

Gamba, kwa ambaye hajawahi kuliona, ni kitu cha aluminiamu na mpira, kimo chake kama mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma akila majani ya muhogo. Lina mikono miwili, na mahali pa uso lina kioo. Mwenye nyumba akiwa Dodoma au Mwanza anavaa miwani na glavu, na gamba lake la huku linanyanyuka. Akiinama, linainama. Akicheka, kioo kinacheka. Ndivyo kijiji kilivyobaki kijiji baada ya watu kwisha. Wa kwanza walifuata kazi, waliofuata waliwafuata wa kwanza, na wa mwisho waliondoka kwa kuogopa kwamba hapatakuwa na wa kuwazika. Mtu wa nyama na mifupa nilibaki peke yangu, na hata hilo nililiona dogo, kwa sababu kila Jumatano nilikuwa natukanwa na watu thelathini na nane.

Mpima aliyepigwa tope alijifuta bega. Gamba la Namcharo Mrutu lilipiga hatua moja mbele. Kwenye kioo uso wake ulikuwa na tabasamu lile la upande mmoja ninalolijua tangu tukiwa darasa la tatu.

"Kofia nzuri hiyo, mwanangu," alisema. "Kama ungependa kuondoka nayo, huu ndio wakati wake."

Mstari mzima ulicheka. Nilicheka mpaka daftari likaanguka.

Walichotaka Upepo Mwanana ni kujenga mji wa baridi. Tambarare ya chini ilikuwa imefikia mahali ambapo mtu akianika shati analikuta limekwisha kupigwa pasi. Mlima wetu bado ulikuwa na umande, na kampuni ilikuwa imebuni mtambo wa kunyonya chemchemi, kuigeuza ukungu, na kuushikilia ukungu huo juu ya nyumba elfu tatu mwaka mzima, kama blanketi lililolowa. Ndiva ingekuwa tangi lao. Bondeni lisingeshuka hata tone.

Mkuu wa mradi, Bwana Adelgot Komba, alikuwa amesimama nyuma muda wote, mtu mrefu mwenye sauti ya mwimbaji wa kwaya. Aliwaita wapima wake. Kisha alipita mstari mzima akiomba radhi kwa kila gamba, kwa jina la nyumba, bila kukosea hata moja. Alipofika mwisho aliniomba nafasi ya kuzungumza wawili.

Niliandika: Wapima wamefukuzwa. Nyumba zote zimefika. Halafu nikatembea naye kurudi nyumbani, na njia nzima magoti yangu hayakulia.

*

Nilimpa chai ya tangawizi kali, ile ninayowapa watu ninaotaka waondoke mapema. Aliinywa yote, akaomba nyingine, nikajua huyu si wa kudharau.

Alinieleza kwamba Alhamisi ya wiki inayofuata Msikilizaji wa Ardhi angepanda kutoka wilayani. Wenye maji wakikataa, mradi unakufa. Wakikubali, unaanza. Na kwa kuwa sheria inahesabu uvaaji wa gamba kuwa siri ya mtu, kama kura, hakuna anayeruhusiwa kufungua kumbukumbu za mtandao aone nani alivaa na lini. Kitakachotazamwa ni daftari la msaragambo na kiapo cha katibu wake.

"Kwa hiyo ni wewe, mzee wangu," alisema. "Ukisema walikuwepo, walikuwepo."

Nilimwambia walikuwepo, na kama ana shaka amuulize kijana wake mwenye tope begani.

Komba alizungusha kikombe mezani. Alisema wiki mbili nyuma alikuwa Mwanza, kwa Yonazi Mrutu, mtoto wa Namcharo, kuomba saini ya nyumba yao. Yonazi alimkaribisha vizuri, akasaini. Sebuleni, ukutani, palikuwa na picha ya mama yake iliyozungushiwa maua.

"Walimzika mwezi wa tatu," alisema.

Tulikuwa mwezi wa kumi na moja.

Nilimjibu kwamba asubuhi hii hii, mbele ya macho yake, Namcharo alisimama akazungumza. Akasema ndiyo, alimsikia. Alisema hakuja kunitisha. Alikuja kwa sababu hakutaka nilisikie jambo hilo kwa mara ya kwanza kikaoni, mbele za watu.

"Gamba lake linatembeaje, mimi sijui," alisema. "Labda wewe unajua."

Nilijua. Nilijua kabla hajaweka kikombe chini.

*

Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa minara ya simu, miaka ishirini na saba. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine nilijifunza kwa kufungua vitu na kuvifunga, na pale ambapo kifaa kilifanya kazi huku skrubu mbili zimenibaki mkononi, nilijua sasa nimekielewa kuliko aliyekitengeneza. Niliwahi kuzuiwa na upepo juu ya mnara siku tatu, nikila mikate niliyoletewa na kunguru kwa makubaliano ambayo mpaka leo sijayavunja.

Magamba yalipofika Ngarike yalikuwa na ugonjwa mmoja. Mtandao wa mlimani hukatika, na ukikatika gamba linaganda pale pale, jembe likiwa hewani. Kwa kanuni zetu, anayesimama bure kwenye msaragambo anatozwa sawa na asiyekuja. Watu wakaanza kutozwa faini wakiwa wamefika. Zikazuka kelele. Mzee Sekiete alisema heri bwawa lijae tope mpaka juu kuliko yeye, mjukuu wa mwandika kanuni, kuitwa mvivu kwa kosa la mnara.

Nilijifungia wiki mbili nikatengeneza kitu nilichokiita kiraka. Kiraka kilikaa ndani ya gamba kikimtazama mwenyewe: anavyoinama, anavyopumzika, anavyotukana, anavyojibu akitaniwa. Mtandao ukikatika, kiraka kinashika jembe na kuendelea kama yeye mpaka arudi. Kilifanya kazi vizuri kiasi kwamba hakuna aliyeona mshono. Kitu kimoja sikukiweka: kengele ya kumwambia mwenyewe kwamba zamu imemfikia, arudi. Sikuona haja yake. Nani wa Ngarike angeiacha nyumba yake isimame msaragambo bila yeye?

Nilimpigia simu binti yangu, Nakiete, aliye Dodoma. Ana nyumba yake hapa, ameijenga kando ya yangu, na gamba lake husimama katikati ya mstari. Nilimuuliza mara ya mwisho alilivaa lini. Alianza na habari za watoto, akaja kwenye kazi, akaja kwenye miwani inayoumiza kichwa.

"Tangu mvua za mwaka juzi, baba," alisema mwishowe. "Nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

"Si wewe uliyelitia kiraka?"

Nilimwambia gamba lake huniletea uji kila Jumapili. Aliuliza huwa linasemaje. Nikamwambia huniuliza kama nimekula. Akasema hilo ni jambo zuri.

Kisha akaniambia na lingine. Amesaini. Wote aliowajua wamesaini, kwa sababu kampuni inampa kila mwenye nyumba makazi ndani ya ule mji wa baridi. Huko Dodoma watoto wanalala kwenye sakafu iliyomwagiwa maji, na saa kumi alfajiri maji yamekwisha kukauka. Angerudi nao Ngarike. Tungekuwa jirani tena, akasema, na safari hii angekuwa yeye mwenyewe. Na kama mji usipojengwa, basi mimi niende kwake, chumba kipo.

Nilisema nitafikiri. Ni jibu ninalowapa watu ambao tayari nimeshindwa kuwajibu.

Alasiri ile nilipanda kwa Namcharo. Gamba lake lilikuwa uani likisafisha tangawizi kwa brashi, polepole, kila kidole cha tangawizi peke yake, kama alivyofanya siku zote.

"Umekuja kuomba au kurudisha?" lilisema. Ndiyo ilikuwa salamu yake kwangu.

"Nimekuja kukaa, Mama Yonazi."

"Kaa basi, usivunje kigoda."

Nilikaa. Nikauliza hali ya Yonazi. Likasema Yonazi ni Yonazi. Nikauliza Mwanza kukoje. Likasema kuna samaki wengi na majirani wachache. Kila jibu ningeweza kulimalizia mimi mwenyewe, na nilipokumbuka nyuma niliona kwamba miezi minane ile nilikuwa nimeyamalizia kweli, nikacheka, nikaenda nyumbani nimeshiba.

Ndipo nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza tukiwa hai wote wawili. Nilimuuliza kama aliwahi kunifikiria, mwaka ule kabla hajaolewa na Mrutu.

Brashi ilisimama. Kiraka kilitafuta. Kioo kikatabasamu kwa upande mmoja.

"Wewe Elinihaki," lilisema. "Kaa basi, usivunje kigoda."

*

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule iliyofungwa. Magamba yalikaa kwenye madawati, matatu matatu, majembe yamelazwa chini. Msikilizaji wa Ardhi, Bi Ghanima, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miwani imening'inia kwenye kamba, na kwa kuwa alitoka tambarare alivaa sweta mbili. Komba alikaa pembeni na bahasha yake.

Nataka ieleweke kwamba niliingia mle nikiwa tayari kudanganya. Nimewadanganya watu maisha yangu yote, kwa burudani yao na yangu, na hapa ndipo ulipokuja uongo mmoja wenye faida. Niseme "walikuwepo" mara thelathini na nane, ndiva inabaki, watu wa bondeni wanabaki na madumu yao, na Jumatano ninatukanwa kama kawaida. Hakuna ambaye angeweza kunikamata. Mwenye uwezo wa kulitambua gamba tupu nilikuwa mimi tu, na mimi mwenyewe lilinipita miezi minane.

Niliapa. Bi Ghanima alifungua daftari. Nyumba zetu zimeandikwa kwa kufuata mfereji, iliyo karibu na maji inatangulia.

"Nyumba ya Mrutu," alisoma. "Namcharo Mrutu. Ana alama ya kufika kila Jumatano, mwaka mzima. Alikuwepo?"

Mdomo wangu ulikuwa na jibu tayari. Lakini Ngarike tuna jambo moja ambalo hata waliohama hawakulivunja. Mtu wetu akifa, popote afie, majembe yanalazwa siku tatu. Hakuna anayegusa udongo isipokuwa wa kaburi. Namcharo alikufa, na Jumatano iliyofuata nilipuliza pembe, nikaita jina lake, nikaweka alama. Na nyingine, na nyingine. Nikiapa kwamba alikuwepo nitakuwa nimeapa kwamba hakufa, na majembe hayatalazwa kwa ajili yake kamwe.

"Hakuwepo," nilisema. "Alifariki mwezi wa tatu. Tumechimba Jumatano thelathini na tatu bila kumlazia majembe."

Gamba lake, dawati la mbele, liliinua kioo.

"Muongo huyo," lilisema.

Ndivyo alivyokuwa akisema kila nikisimama mbele za watu. Bi Ghanima alinitazama, akalitazama gamba, akavua miwani.

Nilimweleza kiraka. Nilieleza faini, mnara, wiki mbili za kujifungia, na kengele ambayo sikuiweka. Aliuliza maswali mafupi, ya mtu anayejua anachouliza. Halafu alirudi kwenye daftari, nyumba kwa nyumba, na kwa kila nyumba nilisema kwamba sikuwa na uhakika wa mtu tangu lini, ila kwamba mwaka huu hakuwepo. Nilisema hivyo kwa Sekiete. Nilisema hivyo kwa Nakiete Mgonja, binti yangu, na kioo chenye uso wake kilinitazama kwa upole ule ule wa Jumapili.

Komba alisimama. Alisema kwa heshima kwamba anashukuru ukweli umepatikana. Kama hizi kelele zote za kukataa hazikuwa za watu, basi yeye anazo sauti za watu. Akatoa kwenye bahasha saini thelathini na nane, za wenye nyumba na warithi wao, wote wamekubali.

Bi Ghanima alizihesabu, akazipanga vizuri. Kisha akafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, akausoma kimya, akausoma tena kwa sauti.

"Bwana Komba, unakubali kwamba hawa hawakufika msaragambo?"

"Nakubali, mheshimiwa. Ndiyo hoja yangu."

"Kanuni hii imesajiliwa wilayani. Asiyefika hana neno kwenye maji." Alizirudisha saini kwenye bahasha. "Kwa hiyo hawana neno. Si la kukataa, wala la kukubali."

Darasa lilitulia. Hata vile viraka vyangu vilitulia, kwa sababu hakuna mtu wa Ngarike aliyewahi kuona hali kama ile ili kiraka chake kiige.

"Imebaki nyumba moja," Bi Ghanima alisema. "Mzee Elinihaki Mgonja. Wewe ulifika. Kijiji kinasemaje?"

Niliomba niulizwe pamoja na mwenzangu. Alisema hana mwenzangu wa kumuuliza.

Nilitazama dawati la katikati. Neno moja tu, na Nakiete angekuwa ng'ambo ya ua wangu, mwenye joto la mtu, na wajukuu wakinivunjia vikombe. Wasingelala tena kwenye sakafu ya maji. Nilifikiria wale wa bondeni, ambao hawamo kwenye daftari langu wala kwenye bahasha ya Komba, na ambao sijui majina yao; najua tu kwamba alfajiri wanapanga madumu mstari mmoja wakisubiri nifungue mlango. Mtu mmoja hapaswi kuulizwa swali la kijiji kizima. Nililifikiria hilo pia, nikaona halinisaidii, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuulizwa.

"Hapana," nilisema. Nilisema taratibu, nisikie kama kweli ni mimi.

Bi Ghanima aliandika. Alisema hapana hiyo itasimama maadamu nyumba yangu inafika msaragambo kwa miguu yake. Jumatano moja nikikosa, neno linakwisha, na kampuni iko huru kuomba upya. Na magamba yasiyovaliwa hayaruhusiwi kuketi wala kufanya kazi kwa jina la mtu, kwa hiyo yazimwe kabla hajaondoka. Aliuliza kama kuna fundi.

Komba alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama mtu anayetoa pole msibani.

*

Nilianzia dawati la nyuma. Swichi iko chini ya kwapa la kushoto; niliihamishia huko mwenyewe ili mvua isiifikie. La Sekiete lilikuwa likilalamika kuhusu faini. La Nakiete liliniuliza kama nimekula. Nilisema nimekula. La Namcharo nililiacha la mwisho, na sikulisemesha, nikiogopa litanijibu.

Nililibeba mgongoni mpaka kwake. Ni jepesi kuliko linavyoonekana. Nikaliegemeza ukutani uani, nikalaza jembe lake chini kando yake, kisha nikarudi nikalaza na langu. Siku tatu hakuna aliyegusa udongo Ngarike. Sijawahi kuona agizo la msiba likatiiwa na kila mtu namna ile.

Jumatano nilipuliza pembe. Nilifika, nikaandikwa. Tope lilikuwa limejaa upande wa mlango, nami nikaingia mpaka magotini, nazoa, napumzika, nazoa. Kazi ya watu thelathini na tisa ukiifanya peke yako ina kelele kidogo sana. Nilisikia maji yakipenya kwenye mawe. Nilisikia jembe langu tu, halafu kimya cha mimi kuinua jembe langu.

Nakiete alipiga saa nne. Alikuwa amepata taarifa kwamba gamba lake limezimwa na mradi umekataliwa. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu aliyelala vibaya.

"Baba, uko wapi?"

"Kwenye ndiva. Leo si Jumatano?"

"Uko na nani?"

Nilisimama nikalitazama bwawa, ukingo mmoja mpaka mwingine.

Nikamwambia asingeamini. Nikamwambia habari za kikao ziliwafikia watu, wakaona haya, wakaanza kurudi kwa miguu yao tangu Jumapili. Sekiete amekuja na fimbo na mke wa pili ambaye hakuna aliyewahi kusikia habari zake, na mke huyo anazoa tope kama trekta. Wawili wa ukoo wa Mzava wamegombania chepeo, wakatumbukia wote, na mmoja ametoka na kambale kwenye mfuko wa shati. Nakiete alicheka. Alicheka kidogo mwanzoni, halafu akacheka vizuri, kama zamani jikoni.

Kisha nikasikia feni nyuma yake.

"Baba, niambie kweli. Niombe ruhusa kazini nije? Naweza kuja kila mwezi. Watoto nitawaacha kwa jirani."

Nilifikiria basi la saa kumi na mbili alfajiri kupita tambarare ile, na wale wanaolala kwenye sakafu wakiamka mama hayupo.

"Usije, mwanangu," nilisema. "Leo tu kuna waliokosa pa kusimama."

Hakukata simu. Nikaiweka juu ya ukingo, iko hewani bado. Nikachukua majembe mawili, moja kila mkono, nikaanza kuyagonga kwenye mawe, huku na kule, haraka haraka, ili asikie watu.